Kulinda kura kituoni: mwongozo kamili kwa Mkenya wa kawaida

Uchaguzi mkuu ukikaribia, mazungumzo ya kulinda kura huhamia Nairobi: sava, skrini za runinga, nani anaongoza saa hii. Lakini kura ya Mkenya haihesabiwi Nairobi. Huhesabiwa darasani katika shule ya msingi iliyo karibu na kwako, usiku, mbele ya watu wachache wenye njaa na usingizi. Kifungu cha 86 cha Katiba ya 2010 kinataka kura zihesabiwe, zijumlishwe na matokeo yatangazwe papo hapo kituoni na msimamizi wa kituo. Juni 2017, katika kesi iliyowasilishwa na Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufaa ilisisitiza kwamba makao makuu ya tume ya uchaguzi hayana mamlaka ya kubadilisha matokeo yaliyotangazwa huko mashinani.

Miezi michache baadaye, Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa urais. Hoja kubwa ilihusu jinsi matokeo yalivyopeperushwa na kuthibitishwa, na rais alikuwa ametangazwa wakati Fomu 34A za vituo vingi zilikuwa bado hazijapokewa. Fomu 34A ni karatasi moja tu ya matokeo ya urais, inayojazwa kwa kalamu katika kila kituo. Karatasi hiyo ikiwa safi, na kukawa na watu walioshuhudia ikijazwa, kuichezea huko juu kunakuwa kazi ngumu sana. Ikijazwa bila shahidi, hata mahakama itapata taabu kujua ukweli.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuwa mmoja wa mashahidi hao. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027, na maandalizi ya kazi hii hayafanyiki wiki ya mwisho.

Amua utaingia kituoni kama nani

Mtu haingii kituo cha kupigia kura na kukaa humo kwa sababu ana nia njema. Sharti awe na nafasi inayotambuliwa kisheria. Kwa raia wa kawaida ziko tatu: karani wa tume, mwangalizi, au wakala wa chama au mgombea.

Ukarani ni kibarua cha kulipwa. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) hutangaza nafasi hizo kabla ya uchaguzi, huchagua watu wasioegemea chama chochote, na huwapa mafunzo. Ukipata, utakuwa unatambua wapigakura kwenye mtambo wa KIEMS, unagawa karatasi za kura au unasaidia kuhesabu. Ni huduma halisi kwa nchi, hata kama una posho mfukoni.

Mwangalizi hana upande. Huingia kupitia shirika lililoidhinishwa na IEBC, huvaa kitambulisho cha uangalizi, na kazi yake ni kuona, kuandika na kuripoti. Haamui chochote, hapingi kura, hasaini fomu za matokeo. Kundi linalojulikana zaidi ni ELOG, ambalo tangu 2013 limekuwa likituma waangalizi kwenye sampuli ya vituo nchini kote, kisha kulinganisha hesabu zao za urais na matokeo ya tume. Ukijiunga na kazi ya aina hiyo, elewa kwamba utapelekwa kituo kilichoangukiwa na sampuli. Ukibadilisha kituo kwa sababu kile cha kwanza kiko mbali, umeharibu hesabu nzima.

Wakala ana upande, na halazimiki kuuficha. Yuko pale kwa niaba ya chama au mgombea huru. Sheria ya Uchaguzi inampa kila chama nafasi ya wakala mmoja tu kituoni kwa wagombea wake wote. Fikiria hilo kidogo: mtu mmoja, masanduku sita. Rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi, wote wanamtegemea yeye.

Maoni yangu ni kwamba uhaba mkubwa uko kwenye uwakala, hasa wa vyama vidogo na wagombea huru wa wadi. Vyama vikubwa hupata watu. Mgombea wa wadi asiye na pesa hukosa wakala katika vituo kadhaa, na mara nyingi hao ndio wanaoshinda au kushindwa kwa kura chache mno. Lakini kama wewe ni mtumishi wa umma, nafasi hii si yako; sheria inakukataza kuwa wakala. Na kama jina lako likihusishwa na chama litaharibu kazi au biashara yako, nenda kwenye uangalizi bila kujilaumu.

Jambo moja halina mjadala: usivae kofia mbili. Ukishakuwa mwangalizi, kampeni za mtu yeyote zimekwisha kwako, hata zile za kwenye WhatsApp.

Anza na sajili

Kabla ya kufikiria usiku wa kuhesabu, kuna kazi ya mchana, isiyo na sherehe, ambayo huokoa kura nyingi: kuhakikisha majirani wamo kwenye sajili, tena katika kituo wanachokijua. Usajili hufanywa kwa kitambulisho cha kitaifa au pasipoti, ana kwa ana, na mtu mwenyewe. Huwezi kumsajili mwenzako, lakini unaweza kumsindikiza mzee ambaye hajui ofisi ya eneobunge iko wapi, au kumfuata kijana aliyefikisha miaka 18 na bado hajachukua kitambulisho. Anza na hao vijana mapema, maana bila kitambulisho mlango wa pili haufunguki.

Kisha kuna waliohama. Mtu alijisajili mtaani alikokuwa akipanga nyumba, sasa anaishi kaunti nyingine, na siku ya kura hana nauli. Anaweza kuomba kuhamishia kura yake anakoishi, mradi afanye hivyo kabla ya usajili kufungwa. Kabla ya uchaguzi mkuu, sheria pia inaitaka tume ifungue sajili ili watu wakague taarifa zao kwa siku 30. Kipindi hicho hupita kimyakimya. Wewe ndiye utakayelitangaza kanisani, msikitini, kwenye chama cha akina mama, kwenye stendi ya bodaboda.

Ukifanya kazi hii, usimuulize mtu atampigia nani. Wala usikusanye vitambulisho au nambari za vitambulisho vya watu kwa kisingizio cha kuwasaidia. Wanunuzi wa kura hutumia njia hiyo hiyo, na watu wana haki ya kukushuku.

Tafuta nafasi yako mapema

Anayetaka kuwa wakala aende moja kwa moja kwa mgombea au ofisi ya chama, aulize nani anashughulikia mawakala katika wadi. Utahitaji barua ya uteuzi yenye jina lako na kituo chako, na utakula kiapo cha kutunza siri ya kura. Barua na kiapo visipokuwa tayari asubuhi ya uchaguzi, utabaki nje ya lango ukibishana na polisi. Kwa hiyo viwe mkononi mwako siku kadhaa kabla, na uwe na nakala zake.

Maswali ya kumwuliza anayekuteua ni ya moja kwa moja: nani atanipokea nikichoka, nampigia nani simu nikiona hitilafu, na fomu nitaipeleka wapi nikimaliza. Mgombea asiye na majibu ya maswali hayo hajajiandaa kulinda kura zake. Suala la malipo limalizwe siku hiyo pia. Wapo wagombea wanaolipa mawakala na wapo wasiolipa. Linaloleta balaa ni ahadi ya nusu nusu, kwa sababu wakala aliyeahidiwa kisha akaachwa bila hata chai ni rahisi kununuliwa saa sita usiku.

Mahali pazuri pa kujifunzia ni uchaguzi mdogo. Novemba 27, 2025 kulikuwa na kadhaa kwa mpigo, zikiwemo za ubunge kule Malava na Magarini. Unapotokea karibu nawe, omba nafasi. Kwa kawaida kuna sanduku moja badala ya sita, na utajifunza taratibu bila kuzidiwa.

Alfajiri: saa iliyo muhimu kuliko zote za mchana

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Wewe uwe umefika saa kumi na moja alfajiri, umekula, ukiwa na kitambulisho, barua, daftari, kalamu mbili, tochi, betri ya akiba ya simu, maji na chakula kikavu. Usivae rangi wala nembo ya chama.

Hakikisha kwanza uko kwenye kituo sahihi, si shule sahihi tu. Kituo kimoja hakipaswi kuzidi wapigakura 700, kwa hiyo shule moja inaweza kuwa na vituo vitano au sita, kila darasa na mawakala wake na fomu zake.

Kabla ya mpigakura wa kwanza kuingia, msimamizi wa kituo hufungua masanduku na kuyaonyesha yakiwa matupu. Yatazame yote sita, hadi ndani. Kisha huyafunga kwa lakiri za plastiki zenye nambari. Andika nambari hizo. Andika pia idadi ya wapigakura waliosajiliwa kituoni, idadi ya karatasi za kura zilizopokewa kwa kila kiti pamoja na nambari zao za kwanza na za mwisho, na saa ambayo mtu wa kwanza alipiga kura. Msimamizi mwenyewe anatakiwa kuyaandika hayo katika shajara ya kituo. Unachofanya ni kuwa na nakala yako, kwa mwandiko wako.

Ukikosa saa hii, jioni hutakuwa na kitu cha kulinganisha. Lakiri inaweza kuwa nzima kabisa na bado isiwe ile ya asubuhi.

Mchana: kaa, tazama, andika

Saa nyingi za mchana ni za kuchosha, na ndivyo zinavyopaswa kuwa. Mtambo wa KIEMS unasoma alama za vidole, mtu anapewa karatasi sita, anaingia kizimbani, anatumbukiza, anapakwa wino. Mtambo ukishindwa kusoma kidole cha mtu, kuna utaratibu wa kumtambua kwa kitambulisho chake na kujaza Fomu 32A mbele ya mawakala. Hesabu ni wangapi wamepitia njia hiyo. Wachache ni kawaida, kwa sababu vidole vya mkulima na fundi wa mawe huchakaa. Foleni nzima ikipitia hapo, uliza sababu na uandike jibu.

Jambo linalohitaji jicho kali ni usaidizi kwa wapigakura. Asiyeona, asiyejua kusoma au mwenye ulemavu ana haki ya kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe. Msaidizi huyo hula kiapo na anaruhusiwa kumsaidia mpigakura mmoja tu. Asiyekuja na msaidizi husaidiwa na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala. Ukimwona kijana yule yule akimshika mkono bibi wa tatu, hapo pana neno. Usimzomee bibi. Mwite msimamizi pembeni, umweleze ulichoona na saa, kisha ngoja hatua.

Hiyo ndiyo njia ya kila pingamizi: kwa msimamizi, kwa sauti ya chini, kwa maandishi. Wakala anayepiga kelele hutolewa nje na polisi, na pengine hiyo ndiyo shabaha ya aliyemchokoza. Hitilafu ya kituo ikimshinda msimamizi, au yeye ndiye tatizo, mpigie aliyekuteua ili suala lifike kwa msimamizi wa uchaguzi wa eneobunge. Simu yako isiingie kizimbani wala kupiga picha ya karatasi iliyotiwa alama. Siri ya kura ni ya mpigakura, na picha kama hiyo ndiyo risiti anayoidai mnunuzi wa kura.

Saa kumi na moja jioni milango hufungwa, lakini aliyekwisha kuwa kwenye foleni ana haki ya kupiga kura. Toka nje umtambue mtu wa mwisho wa foleni.

Usiku: kuhesabu

Hapa ndipo unapolipa gharama ya usingizi. Kabla sanduku halijafunguliwa, linganisha nambari za lakiri na zile za asubuhi, na uandike KIEMS imetambua watu wangapi. Karatasi ambazo hazikutumika nazo zihesabiwe.

Huanza na kura za urais. Msimamizi huchukua karatasi moja moja, hulitaja jina la mgombea kwa sauti, huionyesha mawakala, kisha huiweka kwenye rundo lake. Kaa mahali unapoona alama yenyewe, si mgongo wa karatasi. Weka hesabu yako kwa mistari ya matano matano. Msimamizi akianza kuharakisha na kutaja bila kuonyesha, mwombe arudie hiyo hiyo moja, bila kungoja rundo liishe.

Mabishano huwa kwenye kura za kukataliwa. Karatasi isiyo na alama za usalama za tume, iliyowekwa alama kwa wagombea wawili, isiyo na alama kabisa, au yenye kumtambulisha aliyeipiga haihesabiwi. Lakini alama iliyotoka nje kidogo ya kisanduku, au iliyo duara badala ya vema, haiifanyi kura kuwa batili ikiwa nia ya mpigakura iko wazi. Kanuni zinasema hivyo, na wasimamizi waliochoka husahau. Ukipinga kukataliwa kwa kura, taka iandikwe kwenye karatasi hiyo kwamba pingamizi limetolewa, na ihesabiwe katika safu yake kwenye fomu.

Halafu piga hesabu ndogo. Tuseme kituo kina wapigakura 612, na KIEMS imetambua 431. Kura halali za urais ni 424 na zilizokataliwa ni 6, jumla 430. Imepungua moja: huenda mtu aliondoka na karatasi, au aliitumbukiza sanduku la seneta. Inaelezeka, iandikwe. Sasa tuseme jumla ni 447. Watu 431 hawawezi kupiga kura 447, na hapo hakuna kusaini hadi ijulikane zimetoka wapi. Mgombea au wakala aliyepo ana haki ya kudai kura zihesabiwe upya, ila marudio hayazidi mawili. Usiyapoteze kwa tofauti isiyobadilisha kitu.

Fomu, na kwa nini usiondoke baada ya ile ya urais

Fomu ya urais ni 34A. Ya mbunge ni 35A, ya mwakilishi wadi 36A, ya gavana 37A, ya seneta 38A na ya mwakilishi wa wanawake 39A. Kila moja isome kabla ya kusaini: jina la kituo na nambari yake, kura za kila mgombea kwa tarakimu, waliosajiliwa, zilizokataliwa, jumla. Tarakimu ikifutwa na kuandikwa upya, aliyeifanya atie saini ubavuni. Ukiwa na pingamizi, unaweza kukataa kusaini na kutoa sababu zako ziandikwe, lakini ujue kwamba kukosekana kwa saini yako hakubatilishi matokeo. Mara nyingi ni afadhali kusaini huku pingamizi limeandikwa kuliko kususa na kuondoka mikono mitupu.

Dai nakala yako, ni haki yako. Nakala nyingine hubandikwa mlangoni pa kituo. Piga picha zote mbili, na picha ionyeshe pembe nne za karatasi.

Mwaka wa 2022, IEBC iliweka picha za Fomu 34A kwenye tovuti ya umma, kutoka vituo zaidi ya 46,000, na kila mwenye intaneti akaweza kujumlisha mwenyewe. Ilikuwa hatua kubwa. Tatizo ni kwamba mwanga wote ulikwenda kwenye urais. Fomu 34A ikishapigwa picha na kutumwa, chumba hupungua watu: wanahabari hawapo, waangalizi wamekwenda kutuma ripoti, mawakala wengine wamelala kwenye madawati. Kura za wadi zinaweza kuhesabiwa alfajiri mbele ya macho mawili matatu. Na mwakilishi wadi ndiye atakayepitisha bajeti ya zahanati yenu na barabara yenu. Ndiyo maana nasema kipimo cha wakala mzuri ni kama alikuwepo ilipojazwa fomu ya mwisho. Pangeni zamu: wawili kwa kituo kimoja, mmoja alale mchana, mbadala naye akiwa na barua na kiapo chake tayari.

Baada ya hapo masanduku hufungwa tena kwa lakiri na kusafirishwa hadi kituo cha kujumlishia kura cha eneobunge. Andika lakiri mpya. Usilizuie gari wala kulikimbiza. Peleka fomu zako kwa mwenzako aliye kwenye ujumlishaji, ili kituo chako kikisomwa alinganishe namba kwa namba.

Wiki zinazofuata

Usiweke matokeo mtandaoni kwa maneno matupu. Ukiweka, weka picha ya fomu yenyewe. Namba isiyo na fomu ni uvumi, hata ikiwa sahihi. Mkumbuke 2007: tume ya Jaji Johann Kriegler iliyochunguza uchaguzi ule ilisema hesabu zilichafuka kiasi kwamba haiwezekani kujua mshindi halisi wa urais, na watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekwisha kufa katika ghasia.

Kesi ya kupinga urais hufikishwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 baada ya kutangazwa, nayo husikilizwa na kuamuliwa ndani ya siku 14. Kwa viti vingine muda ni siku 28 tangu tume itangaze matokeo. Kesi ya mwakilishi wadi huenda kwa hakimu, na mlalamishi huweka dhamana ya gharama ya Sh100,000. Ndani ya muda huo daftari lako lina thamani kubwa. Lihifadhi lilivyo, bila kulinakili upya kwa mwandiko mzuri, pamoja na barua yako na nakala za fomu. Ukiombwa kuapa hati ya kiapo, eleza ulichoona wewe mwenyewe, saa ngapi, na nani alikuwepo. Ya kuambiwa waachie waliokuambia.

Pasipokuwa na kesi, bado andika ripoti ya ukurasa mmoja kwa ofisi ya IEBC ya eneobunge: kituo kilichelewa kufunguliwa kwa sababu gani, njia ya kiti cha magurudumu ilikuwepo au la, taa zilitosha au watu walihesabu kwa tochi za simu. Peleka nakala mbili, na moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.